Nani aliyepanga bei ya romingi?

Kwenye kibanda changu cha M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, anayeniuliza habari za romingi, yaani kutumia laini ya Kenya ukiwa nchi nyingine, mara nyingi hasafiri kwa starehe. Huwa ni kijana anayempeleka babake India kwa matibabu, au msichana wa kutoka Vihiga aliyepata kazi ya nyumbani huko Ghuba na anaondoka Alhamisi, au dereva wa lori la Juba anayetaka kuhakikisha mkewe atampata. Maswali yao ni yale yale. Laini itashika huko? Pesa ikitumwa nitaiona? Nikipigiwa, nitakatwa mimi au aliyepiga?

Kwa hiyo nilipopanda ndege na Mama kwenda Chennai, jambo hili halikuwa geni kwangu. Nauza salio, nasajili laini, nimewaeleza watu wengi tofauti ya kuwasha laini na kuwasha data. Bei niliisoma kabla ya kuondoka, nikaiandika kwenye karatasi na kuitia ndani ya pasipoti. Nayasema haya mapema kwa sababu kila mtu akilalamika kuhusu romingi huambiwa angesoma masharti. Mimi niliyasoma, na nilikatwa vilevile.

Valvu moja ya moyo wa Mama ilikuwa imechakaa. Kwa nini tulichagua India badala ya Eldoret au Nairobi, hilo ni la familia na sitalifungua hapa. Tulitoka Kisumu kwa ndege ya asubuhi hadi Nairobi, kisha Mumbai, kisha Chennai, Mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu nami nimeikumbatia faili yenye picha za moyo wake.

Utaniuliza, mbona hukununua laini ya India ukaachana na ya Kenya? Nilinunua. Duka lililokuwa mkabala wa hospitali lilitaka pasipoti, nakala ya viza na picha, na laini yenyewe haikufunguka siku hiyo wala siku iliyofuata. Hospitali ilikuwa na Wi-Fi, lakini ili uingie ni lazima utumiwe nambari ya siri kwenye laini ya India, laini ambayo kwangu ilikuwa bado imelala. Na hata ilipoamka, sikuweza kuizima ya Kenya. Changizo la familia lilikuwa linaingia kwenye M-Pesa yangu. Benki ilipotaka kuthibitisha malipo ya hospitali, ujumbe wenye nambari ya siri ulikuja kwenye laini ya Kenya, na usipoijaza nambari hiyo kwa dakika chache malipo yanafutika, unaanza upya huku karani anakutazama. Pesa zangu, jina langu na benki yangu vyote vimefungwa kwenye nambari moja inayoanza na 07. Mkenya akivuka mpaka siku hizi anavuka nayo, apende asipende.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na Mjomba.

Mjomba anaishi karibu na Mbale ya Vihiga, kwenye boma walikozaliwa yeye na Mama. Simu yake ni mulika mwizi, ya kupiga na kupokea tu. Baba alishatutoka, kwa hiyo hakuna kisu kitakachogusa kifua cha Mama kabla Mjomba hajaelezwa akakubali. Watu wa kwetu wanaelewa ninachosema. Kaka yangu mkubwa yuko Nakuru, Section 58, na dada yangu mdogo yuko Busia. Hao wawili ningewatumia ujumbe wa sauti wakati wowote nikipata mtandao. Lakini Mjomba, ama umpigie, ama akupigie.

Siku moja kabla ya upasuaji daktari alikuja kitandani na valvu mbili za mfano kiganjani. Moja ilikuwa ngumu, imetengenezwa kwa chuma na kaboni, ukiitikisa inalia tik. Nyingine ilikuwa laini, nyeupe, imeshonwa kwa tishu ya mnyama. Akatueleza kwamba ile ngumu hudumu muda mrefu sana, ila mgonjwa atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake sharti ipimwe mara kwa mara. Ile ya tishu haimfungi mgonjwa kwenye dawa hiyo maisha yote, ila nayo huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15. Alitaka jibu kabla hajatoka kazini. Chennai ilikuwa saa kumi alasiri, Mbale saa saba na nusu mchana.

Mjomba alipiga mwenyewe. Kwake hiyo ilikuwa simu ya kawaida. Nambari yangu ni ya Kenya, anakatwa kana kwamba niko hapa Kondele, na hakuna kinachomwambia kwamba upande wa pili kuna mtu mwingine anayelipa. Akaanza kwa salamu, kama mzee anavyoanza. Akauliza Mama amelalaje, anakula nini huko, kama kuna baridi. Kisha akaomba. Maombi ya mzee hayakatizwi. Nilisimama kwenye ukumbi wa wodi nimefumba macho, na kila dakika ya maombi yale ilikuwa inakatwa kwangu.

Alipomaliza nikaanza habari ya valvu. Nilipofika kwenye ile ya tishu akanisimamisha.

"Mnyama gani, binti yangu?"

Mjomba ni mwumini wa African Israel Nineveh, na waumini wa kanisa hilo hawali nguruwe. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Daktari alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, nikamuuliza, akasema ipo ya nguruwe na ipo ya ng'ombe, na kwa Mama angeweza kuweka ya ng'ombe. Niliporudisha simu sikioni nimjibu Mjomba, ilikuwa imekatika. Salio limeisha.

Kaka akaninunulia salio la shilingi 1,000 akiwa Nakuru, likaingia papo hapo. Nikampigia Mjomba. Sasa tukafika kwenye kupima damu. Ni hospitali gani Vihiga inapima? Nani atampeleka, na mvua ikinyesha je? Haya ni mazungumzo ya kutulia. Watu wanauliza jambo mara mbili, wananyamaza, wanafikiria. Mimi nilikuwa namharakisha mzee wa miaka zaidi ya sabini kuamua juu ya moyo wa dadake, na alipokuwa katikati ya sentensi simu ikakatika tena. Daktari akatazama saa.

Tulichagua ya ng'ombe. Upasuaji ulikwenda vizuri, na Mama sasa yuko nyumbani anapalilia mchicha wake. Lakini uamuzi ule tuliufanya kwa vipande, na hilo bado linaniuma, kwa sababu mitambo yote siku ile ilifanya kazi. Mnara ulishika, sauti ilisikika safi kutoka Mbale hadi Chennai. Kilichokatika ni pesa.

Sasa ngoja nieleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa ndipo utaona mahali penyewe pa kulalamikia. Kadi ya laini yako ina utambulisho unaoanza na 639, tarakimu za Kenya. Uganda ni 641, Tanzania 640. Ukiwasha simu Chennai, kampuni ya huko inaona 639 na kuiuliza kampuni yako ya Kenya kama huyu ni mteja wake na kama itamlipia. Ikijibiwa ndiyo, unafunguliwa, na Kenya inajua uko wapi. Mjomba akipiga, simu yake inakwenda kwanza pale nambari yangu ilikosajiliwa, yaani Kenya, halafu inapelekwa India. Kipande cha kwanza analipa yeye. Kipande cha pili nalipa mimi niliyepokea. Data nayo mara nyingi huzungushwa hivyo hivyo. Ukiwa Chennai ukifungua ramani kutafuta duka la dawa la mtaa wa pili, ombi lako linakwenda hadi Kenya, linatokea huko kuingia intaneti, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Ndiyo maana huwa inakwenda polepole.

Mtu akisikia mzunguko huo hudhani analipia umbali. Hapana. Laini yangu ya India ilipofunguka, nilimpigia Kaka kwa WhatsApp, umbali ule ule, tukaongea mpaka maneno yakatuishia, na bando la bei ndogo likabaki. Kinacholipiwa kwenye romingi ni bei ya jumla, yaani ile ya kampuni kuiuzia kampuni, ambayo zote mbili zimekubaliana. Ya India inaitoza ya Kenya kiasi fulani kwa kila dakika na kila megabaiti, ya Kenya inaongeza chake juu yake, na wewe unaletewa hesabu yote. Mteja hakuwepo kwenye kikao hicho. Wala hana pa kukimbilia, kwa sababu kampuni jirani hata ikiwa na romingi nafuu, nambari yenye changizo na benki ni ile uliyosafiri nayo.

Hapa nchini hatukuacha mambo yaende hivyo. Laini ya kampuni moja ikipiga ya kampuni nyingine, ile inayopiga huilipa ile inayopokea, na kiwango hicho huwekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Hadi mwaka 2010 kilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Machi 2024 kilishushwa hadi senti 41. Minara ni ile ile inayohitaji umeme na walinzi. Kilichobadilika ni kwamba kuna aliyekaa na kusema bei hii imezidi.

Na kwa romingi pia imewezekana, tena hapa hapa kwetu. Dada yangu wa Busia anauza mitumba na amepanga nyumba Marachi, upande wa Kenya. Akiwa jikoni kwake simu yake hurukia mtandao wa Uganda, kwa sababu mnara haujui mpaka. Teremka hadi Sio Port na Port Victoria utakuta wavuvi ambao simu zao zimeshahamia ng'ambo kabla mtumbwi haujafika mbali, kwa vile visiwa vya Sigulu ni vya Uganda na viko karibu. Zamani kuruka huko kulikuwa hasara. Mnunuzi wa mbuta anakupigia kutoka Kisumu, uko kwenye maji ya Kenya, unapokea na unakatwa kama mtu aliye safarini. Wengi walizoea kutopokea simu.

Kisha mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 Kenya, Rwanda na Uganda zikawa eneo moja la mawasiliano, na Sudan Kusini ikawemo. Makubaliano yakawa kwamba anayepokea simu akiwa kwenye romingi ndani ya nchi hizo asilipe. Anayepiga asitozwe zaidi ya senti 10 za dola kwa dakika. Sikuhitaji kusoma gazeti kujua, maana Dada alianza kupokea simu zangu hata skrini ikimwonyesha jina la kampuni ya Kampala. Maraisi na mawaziri walikaa, makampuni yakaambiwa, bei ikashuka. Hakuna kebo mpya iliyofukiwa Busia usiku huo.

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba hata kabla ya serikali kuna kampuni iliyokuwa imeonyesha njia. Mwaka 2006 Celtel ilianzisha huduma ya One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ulivuka Malaba na laini yako, ukapiga kwa bei ya wenyeji, ukapokea bure, na ukaweza kununua kadi ya salio ya Uganda ukaikwangua ukaongeza. Kampuni hiyo baadaye ikawa Zain, kisha Airtel. Ninapoambiwa leo kwamba romingi nafuu haiwezekani kibiashara, hukumbuka kadi zile za Celtel.

Mapatano yale ya 2014 yalianza na sauti, na maisha yamehamia kwenye data. Simu ya Dada ikiruka data ikiwa wazi, bando lake la Kenya halitumiki, inakula salio moja kwa moja. Amelazimika kuingia kwenye mipangilio na kuichagulia simu mtandao wa Kenya kwa mkono. Ukifanya hivyo mpakani hutaruka, ila pale mnara wa Kenya unapofifia unabaki bila mtandao kabisa. Dada huchagua kubaki bila mtandao. Mfanyabiashara aliye ndani ya nchi yake, ndani ya nyumba yake, anazimwa na hofu ya bei.

Ulaya walilikabili hili kwa miaka mingi mpaka Juni 15, 2017, ambapo mteja wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya alianza kutumia simu kwenye nchi nyingine ya umoja huo kwa bei ya nyumbani. Mwaka 2022 sheria hiyo ikaongezwa hadi 2032. Ninachotaka msomaji akione hapo ni bei ya jumla, ile ya kikao cha makampuni. Walipoanza, kampuni moja haikuruhusiwa kuitoza nyingine zaidi ya yuro 7.70 kwa gigabaiti moja. Kiwango kikashushwa hatua kwa hatua, na kufikia 2027 kinatakiwa kiwe yuro 1. Huo ndio ushahidi wangu. Gigabaiti ile ile, minara ile ile, na bei ya jumla iligeuka kwa amri iliyoandikwa. Sisi na India hatuna amri hiyo. Wagonjwa wetu wanakwenda kila wiki, India inawapa viza maalumu ya matibabu na wasindikizaji wao wanapewa ya kwao. Nchi mbili zinazoweza kukubaliana kuhusu viza ya msindikizaji zinaweza kukubaliana kuhusu dakika yake.

Wakati tunangoja hilo, haya ndiyo ninayowaambia wanaokuja kibandani. Usiiache laini ya Kenya nyumbani. Wacha iwake, maana ujumbe mfupi unaoingia kwa kawaida haukatwi, na kwa ujumbe huo utapata habari za M-Pesa na nambari za benki. Zima data ya romingi kabla ndege haijaondoka, usingoje kutua, kwa sababu simu ikishika mtandao tu programu zake zinaanza kujisasisha na picha zinaanza kupanda zenyewe. Piga ##002# ukiwa bado Kenya ili ufute kuelekezwa kwa simu, la sivyo simu usiyoipokea inaweza kurudishwa Kenya kwenye kisanduku cha sauti na ukalipia safari ya kwenda na ya kurudi. Washa huduma ya romingi ukiwa hapa, kwa sababu ukiwa huko utahitaji simu ili kuomba simu. Kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu yenyewe, unaweza kununua bando la data la nchi unayokwenda kabla hujaondoka na ukaendelea na kadi yako ya kawaida pembeni. Na kama unapitia Dubai, usitegemee kupiga kwa WhatsApp, maana huko simu za WhatsApp zimefungwa. Tuma ujumbe wa maandishi.

Kwa mwenye mzee wa mulika mwizi nyumbani nina jambo moja zaidi. Muwekee mtu mmoja wa karibu naye, mjukuu au jirani mwenye simu ya intaneti, na mkubaliane saa. Binti wa jirani wa Mjomba, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyetuokoa baada ya upasuaji. Jioni alikuwa akienda na simu yake kwa Mjomba, wanakaa kwenye kigoda nje, na Mjomba anamwona Mama kitandani. Maombi yakawa marefu kadiri alivyotaka.

Lakini mbinu hizi ni za mtu aliyepata muda wa kujipanga. Aliyeambiwa Jumanne kwamba mzazi wake aondoke Ijumaa hana eSIM wala binti wa jirani wa kidato cha tatu. Ana laini moja na salio.

Niliporudi niliiandikia kampuni yangu. Sikudai kurudishiwa kitu. Niliwauliza swali moja: katika kila dakika niliyokatwa Chennai, ni kiasi gani kilikwenda kwa kampuni ya India na ni kiasi gani kilibaki Nairobi? Wakanitumia orodha ya simu zangu, saa na shilingi, na maelezo kwamba bei hizo ziko kwenye tovuti. Swali langu halikujibiwa. Ninaandaa barua nyingine, hii ya Mamlaka ya Mawasiliano, kuomba mambo mawili: bei za jumla za romingi zitangazwe kama zinavyotangazwa zile za ndani, na mazungumzo ya kuziwekea kikomo yaanze na nchi ambazo watu wetu wanakwenda kutibiwa na kufanya kazi.

Sitaki barua hiyo iwe na kisa changu peke yake. Ukiwa umewahi kupokea simu ukiwa India, Ghuba, Afrika Kusini au popote, niandikie nchi, mwaka, na ulichokatwa kwa dakika moja ya kupokea. Jina lako sihitaji. Ukiwa na ujumbe ule wa salio uliokuja baada ya simu, piga picha yake unitumie, maana tarehe na kiasi vimo humo. Walio Kisumu wanaweza kupita kibandani, niko wazi hadi saa mbili usiku, Jumapili baada ya kanisa.